Jinsi ya kuchagua, kukagua na kutunza kamera kongwe ya Kijapani ukiwa Tanga

Kamera kongwe ya Kijapani ikifungiwa ndani ya mkoba wake wa ngozi na kuachwa kabatini Tanga kwa masika mawili matatu, kitu cha kwanza kuharibika si chuma wala springi, bali ni kioo. Mwili wa Nikon F au wa Asahi Pentax huvumilia kuangushwa, vumbi la barabara ya Pangani na mikono ya wajukuu, lakini lenzi iliyoota ukungu kwa ndani na kuachwa hivyo kwa miaka hupata makovu ambayo hakuna fundi anayeweza kuyafuta. Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu anayeishi mwambao, ambaye amerithi au anataka kununua kamera ya aina hiyo iliyotengenezwa katika miongo mitatu iliyofuata Vita Kuu ya Pili, na ambaye anakusudia kuipigia picha badala ya kuiweka sebuleni iwe pambo. Kwa sababu hiyo, ushauri wake unatofautiana na ule wa wakusanyaji wa Ulaya na Marekani, ambao kamera zao hukaa katika nyumba kavu. Wao huanza na jina na namba ya toleo. Sisi wa pwani inatupasa tuanze na kioo, tufuate na betri, na jina liwe la mwisho.

Zilikotoka

Kabla ya mwaka 1945 kampuni ya Nippon Kogaku, iliyoanzishwa mwaka 1917, ilikuwa ikitengeneza darubini na vifaa vya kupimia umbali kwa ajili ya jeshi la Japani. Vita vilipokwisha, viwanda vya namna hiyo vilibaki na mafundi hodari wa kusaga vioo lakini havina mnunuzi, na chini ya utawala wa majeshi ya Washirika vikageukia bidhaa za kiraia zilizoweza kuuzwa nje na kuingiza fedha za kigeni. Nikon ya kwanza, kamera ya Nippon Kogaku, ilitoka mwaka 1948, umbo lake likifuata Contax ya Ujerumani na shata yake, yaani pazia linalofunguka kwa muda mfupi kupitisha mwanga, ikifuata Leica. Picha yake ilikuwa ya milimita 24 kwa 32 badala ya 24 kwa 36 tuliyoizoea, jambo lililoipa shida katika soko la Marekani, ambako fremu za slaidi zilikatwa kwa kipimo cha kawaida. Sifa za vioo vya Kijapani zilienea duniani kuanzia mwaka 1950, pale David Douglas Duncan, mpiga picha wa jarida la Life, alipozijaribu lenzi za Nikkor za kampuni hiyo hiyo mjini Tokyo, akazifunga kwenye Leica zake na kuondoka nazo kwenda kupiga picha za vita vya Korea.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kasi. Asahi Optical ilitoa Asahiflex mwaka 1952, kamera ya kwanza ya Kijapani ya milimita 35 inayomwezesha mpiga picha kutazama kupitia lenzi yenyewe, na mwaka 1954 ikatoa toleo ambalo kioo chake cha kuakisi, kilicho nyuma ya lenzi, kinarudi mahali pake chenyewe mara picha inapopigwa. Asahi Pentax ilifuata mwaka 1957. Mwaka 1959 ulizaa Nikon F pamoja na Olympus Pen, kamera ndogo iliyosanifiwa na Yoshihisa Maitani ili mtu wa kipato cha kawaida aimudu. Mwaka 1964 ikaja Pentax Spotmatic, na mwaka 1966 zikatoka Minolta SRT-101 na Yashica Electro 35, ambazo mpaka leo hukutwa katika nyumba nyingi duniani.

Wauzaji hupenda kupandisha bei kwa alama mbili, na ni vyema ujue thamani yake. Maneno Made in Occupied Japan yaliyochongwa chini ya kamera yanaonyesha kwamba ilitengenezwa kwa ajili ya kuuzwa nje kabla ukaliwaji wa Japani haujakoma mwezi Aprili 1952. Hilo humfurahisha mkusanyaji, lakini halimsaidii mpiga picha hata kidogo. Alama ya pili ni kibandiko kidogo cha rangi ya dhahabu, cha duara lililobanwa, chenye neno PASSED, ambacho kilibandikwa kwenye kamera zilizopita ukaguzi wa taasisi ya JCII, iliyoundwa mwaka 1954 ili kamera mbovu zisivuke bahari na kuliharibia taifa jina. Kibandiko hicho kinaeleza hali ya kamera siku ilipotoka kiwandani. Hali yake ya leo utaijua wewe kwa tochi.

Ipi inafaa hapa

Kamera hizi zimegawanyika katika koo tatu. Kuna za kupimia umbali, kama Canon P, Canonet na Nikon S2, ambazo dirisha lake huonyesha taswira mbili unazozizungusha mpaka zilingane. Kuna za kioo cha kuakisi, kama Spotmatic na Nikon F, ambazo unaona kile kile kinachoonwa na lenzi. Na kuna za macho mawili, kama Yashica-Mat ya mwaka 1957 na Minolta Autocord, unazozishika usawa wa tumbo huku ukitazama chini, na ambazo hutumia mkanda mpana wa namba 120 unaotoa picha 12 za mraba.

Kwa anayeanza akiwa Tanga, ningependekeza kamera ambayo shata yake hufanya kazi bila betri. Betri za zebaki za volti 1.35 zilizotumiwa na Minolta SRT-101, Canonet za baadaye na nyingine nyingi zimeacha kutengenezwa kwa sababu za kiafya na mazingira. Ukiweka betri ya kawaida ya volti 1.5 mahali pake, kipima mwanga hudanganyika kwamba kuna mwanga zaidi kuliko uliopo, na picha hutoka nyeusi. Betri za vifaa vya kusaidia kusikia, zile za namba 675 za volti 1.4, hukaribia kipimo cha zamani na hupatikana katika maduka ya dawa makubwa, ila huisha baada ya wiki chache tangu kubanduliwa karatasi yake, kwa hiyo usinunue nyingi kwa pupa. Spotmatic ni afadhali katika jambo hili, kwa kuwa saketi ya kipima mwanga chake haijali sana tofauti ndogo ya volti. Yashica Electro 35, pamoja na uzuri wote wa lenzi yake, ikikosa betri hubaki na kasi moja tu, 1/500 ya sekunde, na betri yake ya asili ilikuwa ya volti 5.6 ambayo huipati dukani. Mimi ningeiacha, labda kama ni ya urithi.

Zipo pia kamera zenye kipima mwanga cha seleniamu, kile chenye vidoto vidoto vya kioo kuzunguka lenzi au juu yake, ambacho hujitengenezea umeme kutokana na mwanga wenyewe. Olympus Trip 35 ndiyo maarufu zaidi kati ya hizo, na namna ya kuijaribu ni rahisi. Weka pete kwenye A, funika lenzi yote kwa kiganja, kisha bonyeza. Kamera isiyo na hitilafu itakataa kupiga na kuinua kibendera chekundu ndani ya dirisha. Ukiielekeza nje kwenye mwanga itakubali. Ikikataa hata juani, huenda seleniamu imekufa; ikikubali hata gizani, mtambo wake una hitilafu. Kwa vyovyote hakuna sababu ya kuilipia zaidi ya bei ya pambo.

Kuhusu gharama, Olympus Pen ina faida ambayo miaka ya karibuni imezidi kuwa na maana. Kwa kuwa inagawa fremu nusu kwa nusu, mkanda wa picha 36 hutoa picha 72, na kwa bei za mikanda ya leo hiyo ni nafuu kubwa kwa mtu anayejifunza.

Ukaguzi kabla ya kutoa fedha

Ukienda kwa familia ya mpiga picha wa zamani, iwe Chumbageni au katika zile barabara za namba za Ngamiani, usianze kwa kuuliza kama kamera inafanya kazi, maana jibu ni ndiyo siku zote. Toa shikamoo, kaa, kunywa maji, kisha uliza, "Mama, hii kamera ya mzee ilikuwa inakaa wapi?" Ukijibiwa kwamba ilikaa sandukuni chini ya kitanda pamoja na nguo, andaa tochi kwa ajili ya lenzi. Ukijibiwa kwamba mzee aliitundika ukutani karibu na dirisha, kagua shata kwa makini zaidi, kwa sababu lenzi ya kamera ya kupimia umbali iliyotazama jua kwa muda mrefu huweza kutoboa pazia la kitambaa lililo nyuma yake.

Anza na kioo. Kama lenzi inatoka, itoe, fungua tundu lake la kupitishia mwanga mpaka mwisho, na uishike mbele ya tochi ndogo yenye mwanga mkali. Usielekeze tochi moja kwa moja machoni pako. Ishike pembeni kidogo ili mwanga upite kwa mshazari. Kama lenzi haitoki, fungua mgongo wa kamera, weka shata kwenye B, alama inayoiacha wazi muda wote unapobonyeza, bonyeza na ushikilie, halafu mulika kutoka nyuma. Sasa geuza lenzi polepole. Vumbi utaliona kama chembe zilizotawanyika, nalo halina madhara. Ukungu wa kuvu hujitambulisha kwa nyuzi nyembamba zinazoanzia mahali pamoja na kutawanyika kama utando wa buibui, mara nyingi zikianzia ukingoni. Utando wa maziwa unaofunika kioo kizima ni mvuke wa grisi ya zamani, na hupunguza ukali wa picha hasa ukipiga kuelekea jua. Mkwaruzo mmoja mdogo kwenye kioo cha mbele, ambao ndio mnunuzi mgeni huulalamikia kwanza, kwa kawaida hauonekani kabisa kwenye picha. Ukiona ukungu ukingoni tu, unaweza kukubali kamera kwa bei ya chini. Ukiona umefika katikati, rudisha kamera kwa heshima, kwa maana asidi inayotolewa na kuvu hula tabaka la rangi lililopakwa juu ya kioo, na hata ukungu ukisafishwa makovu yake hubaki.

Kuna jambo moja linalowatia watu hofu bure. Baadhi ya lenzi za Super-Takumar 50mm f/1.4 za Pentax zina kioo chenye thoriamu, ambacho huwa cha manjano kadiri miaka inavyopita, na muuzaji asiyejua anaweza kukuuzia kwa bei ya chini akidhani imeharibika. Umanjano huo huondoka kwa mwanga wa jua. Weka lenzi dirishani, kioo cha nyuma kikitazama juu, ukiwa umeilaza juu ya karatasi ya alumini, na uiache ipate jua la asubuhi kwa siku kadhaa. Usiiache peke yake juu ya meza ya mbao wala karibu na pazia, kwa sababu lenzi hukusanya mwanga na inaweza kuwasha moto.

Baada ya kioo, shata. Zungusha mkono wa kuvutia na upige bila mkanda mara nyingi, ukianza na kasi ya juu na kushuka. Kasi za polepole, yaani 1/8 mpaka sekunde moja, ndizo hukwama kwanza kwa sababu zinaendeshwa na magurudumu madogo ambayo grisi yake imekauka. Utasikia mlio wa saa ukivuta kisha ukasita. Usivute mkono wa kujipiga picha mwenyewe, ule mdogo ulio mbele ya kamera, kwa maana ukikwama nusu ya njia huweza kuizuia shata yote na ukawa umeharibu mali ya mtu. Kwa kasi za kati, simu yako ni kipimo kizuri. Fungua mgongo, elekeza kamera kwenye mawingu meupe, na urekodi tundu la nyuma kwa video ya mwendo wa polepole ya fremu 240 kwa sekunde. Kasi ya 1/30 inapaswa kuonyesha mwanga katika fremu 8 hivi, 1/60 katika fremu 4. Ukikuta fremu 12 pale palipotakiwa 8, shata inachelewa kwa nusu, na mkanda wa rangi wa kawaida utalivumilia kosa hilo. Ukikuta 30, mpe fundi kazi.

Katika kamera zenye shata ya majani ndani ya lenzi, kama Canonet na Yashica za macho mawili, angalia kama majani yamelowa mafuta. Joto letu hulainisha grisi ya pete ya kulengea ikatambaa mpaka kwenye majani, nayo yakashikana. Nikon F ina faida hapa, kwa kuwa mapazia yake ni ya titani, hayaozi wala hayatobolewi na jua kwa urahisi. Canon P nayo ina mapazia ya chuma, na mara nyingi utayakuta yamekunjamana. Mikunjo midogo haina neno.

Ukaguzi wa kupima umbali ufanye nje. Simama Raskazone, weka pete ya lenzi kwenye alama ya mbali kabisa, na utazame meli iliyotia nanga ghubani au ukingo wa kisiwa cha Toten. Taswira mbili ndani ya dirisha zinapaswa kulala moja juu ya nyingine, si kwa upande tu bali hata kwa juu na chini. Kisha pima mita moja kwa futi ya fundi cherehani kutoka alama ya mkanda iliyo juu ya kamera mpaka kwenye maandishi yaliyo ukutani, ulinganishe taswira, na usome pete inasemaje. Zikipishana kwa mbali au kwa karibu, marekebisho yapo na si ya gharama, lakini yazingatie kwenye bei.

Usafi na matengenezo ya nyumbani

Yapo machache ya kufanya mwenyewe, na mengi ya kuyaacha. Kioo cha nje puliza kwanza kwa kipulizo cha mpira cha duka la dawa, ndipo upanguse, kwa sababu chembe moja ya mchanga wa pwani ikiburuzwa na kitambaa hufanya madhara kuliko alama za vidole za miaka kumi. Tumia kitambaa laini chenye spiriti kidogo, ukianzia katikati na kuzunguka kuelekea nje. Ukungu ulio juu ya kioo cha nje hutoka kwa haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ambayo maduka ya dawa huiuza kwa kusafishia vidonda. Usitumie mafuta ya cherehani, mafuta ya taa wala vile vya kupuliza vya kulegezea nati, kwa kuwa kesho yake vitakuwa vimefika kwenye majani ya shata.

Kamera nyingi za miaka ya 1960 na 1970 ziliwekewa sponji nyeusi katika mifereji ya mgongo ili kuzuia mwanga, na sponji hiyo leo imegeuka lami inayonata. Za miaka ya 1950 mara nyingi zina nyuzi za sufu badala ya sponji, nazo hudumu. Ondoa lami kwa kijiti cha kibiriti kilichochongwa na spiriti, ukiinamisha kamera ili makombo yasiingie kwenye shata. Mahali pake weka uzi mnene wa sufu mweusi katika mifereji, na kipande cha mahameli nyeusi upande wa bawaba, vyote vikishikwa na gundi kidogo sana. Vitambaa hivyo vinapatikana katika duka lolote la vifaa vya ushonaji, na kipande cha kiganja kimoja kinatosha kamera kadhaa. Katika kamera za kioo usisahau sponji ndogo iliyo mbele ya kioo kinachoruka, ila hapo usitumie spiriti nyingi, maana ikitiririka kwenye kioo cha kulengea itaacha doa lisilofutika.

Kama itabidi kufungua kifuniko cha juu, fundi saa mwenye subira ni bora kuliko fundi simu mwenye haraka. Mkumbushe kwamba skrubu za msalaba za Kijapani zina umbo lake, na bisibisi ya kawaida ya msalaba haikai sawasawa bali huruka na kuchana kichwa. Ukiona kamera yenye skrubu zilizochanika, jua imeshafunguliwa na mtu aliyekosa kifaa, na uikague mara mbili.

Kuingiza mkanda na kusoma mwanga wa pwani

Ingiza mkanda ukiwa kivulini, au angalau ukilipa jua mgongo. Chomeka ulimi wa mkanda kwenye kigurudumu, vuta mara moja mpaka meno yashike matundu ya pande zote mbili, kisha funga. Sasa zungusha kwa upole kile kitufe cha kurudishia mkanda mpaka uhisi umekaza. Kuanzia hapo, kila unapovuta mkono wa kamera kitufe hicho lazima kizunguke chenyewe. Kisipozunguka, mkanda haujashika na utakuwa unapiga picha hewa. Kwa mkanda wa 120, vuta karatasi mpaka mshale ukutane na alama mbili za pembeni kabla ya kufunga mgongo.

Namba za ASA zilizoandikwa kwenye kamera za zamani ni sawa na za ISO zilizo kwenye boksi la mkanda. Kwa Tanga chagua mkanda wa 100 au 200. Baadhi ya kamera za zamani haziendi zaidi ya 1/200 au 1/300, na mchana wa Januari mkanda wa 400 ndani yake unaweza kupata mwanga kupita kiasi hata tundu likibanwa hadi mwisho. Kanuni ya jua kali ni kuweka tundu kwenye f/16 (namba ya f ikiwa kubwa, tundu ni dogo) na kasi iliyo karibu na namba ya mkanda: mkanda wa 100 kwa 1/125, wa 200 kwa 1/250. Kanuni hiyo inafaa kwa majengo, mashua na mashamba ya mkonge. Kwa nyuso haitoshi. Jua la saa sita linapokuwa utosini, macho yote huwa shimo la giza, na mtu aliyevaa kofia hana uso kabisa. Mhamishie kwenye kivuli cha mwembe na ufungue tundu mpaka f/5.6 au f/4, au subiri saa kumi jioni.

Kipima mwanga nacho kina upofu wake. Hakijui kama mbele yake kuna kanzu nyeupe au buibui jeusi. Hukadiria kwamba kila kitu kina rangi ya kijivu cha katikati. Ukimpiga bwana harusi mwenye ngozi nyeusi aliyevaa kanzu nyeupe juani na ukatii kipimo cha fremu nzima, kanzu itatoka kijivu na uso utapotea. Pima mwanga kwenye majani mabichi yaliyopata jua lile lile, au kwenye kiganja chako kisha ufungue tundu kwa hatua moja, yaani mwanga maradufu. Hatua hiyo ya ziada ndiyo itakayomrudishia bwana harusi uso wake, na mkanda wa negativu hauna ugomvi na mwanga wa ziada kama ulivyo nao mwanga pungufu. Kwa sababu hiyo wengi wetu huweka mkanda wa 200 kana kwamba ni wa 100, na sijaona sababu ya kuacha.

Mikanda ihifadhiwe kwenye jokofu, lakini itoe saa moja kabla ya kufungua kasha lake, vinginevyo unyevu wa hewa utaganda juu yake kama jasho. Kabla hujanunua mkanda wa rangi hakikisha unajua utasafishwa wapi, kwa kuwa studio nyingi zimeachana na kazi hiyo. Mkanda wa nyeusi na nyeupe unaweza kuusafisha mwenyewe, ila maji ya bomba ya Tanga ni ya moto kwa kazi hii. Maelekezo ya dawa nyingi, ikiwemo D-76, yameandikwa kwa nyuzi 20, nasi maji yetu hupita hapo kwa mbali karibu mwaka mzima. Weka chupa za dawa zote na maji ya kusuuzia ndani ya beseni lenye barafu mpaka vyote vilingane, maana mkanda unaotoka kwenye maji ya baridi kuingia ya moto hupasuka ngozi yake nyororo.

Mahali pa kuiweka

Ukungu hupenda hewa yenye unyevu unaozidi asilimia 65 hivi, giza na utulivu, na kabati la mbao lililoegemea ukuta wa nje wakati wa masika linavyo vyote vitatu. Kwa hiyo vua mkoba wa ngozi, hata kama ni wa asili na mzuri, na uuweke mbali, kwa sababu ngozi hunywa maji na kuyatunza. Nunua chombo cha plastiki cha kuhifadhia chakula chenye kifuniko kinachobana sawasawa, kipima unyevu kidogo cha betri, na chembe za silika zinazobadilika rangi zinaposhiba maji. Lenga asilimia 40 mpaka 50. Usishuke chini ya 30, kwani grisi na mpira navyo huhitaji kuishi. Vile vifuko vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu kwa kawaida vimeshashiba kabla havijakufikia. Chembe zilizoshiba zikaushe kwenye sufuria kavu, isiyotumika kupikia, juu ya moto mdogo mpaka rangi yake irudi, zipoe ndani ya chupa iliyofungwa, ndipo uzirudishe. Wapo wanaoshauri kutumia mchele. Mchele una unga wake na wadudu wake, uache kwenye pilau.

Ukitoka kupiga picha ufukweni, au hata kwenye magofu ya Tongoni ambako upepo wa bahari unafika, pangusa mwili wa kamera kwa kitambaa kilicholowa maji kidogo sana, kisha kwa kikavu, kabla ya kuirudisha chomboni, kwa sababu chumvi huvuta unyevu na kuula chuma chini ya rangi. Lenzi iliyowahi kuota ukungu isikae chombo kimoja na nzima. Kila mwezi, na kila wiki mbili wakati wa masika, zitoe zote, zipate hewa na mwanga wa dirishani, piga shata kwa kila kasi mara kadhaa, zungusha pete zote mpaka mwisho na kurudi, na usome kipima unyevu. Unapoifunga tena, acha shata ikiwa haijavutwa, ondoa betri kama ipo, na ulegeze pete ya tundu iwe wazi kabisa.